Kupika na Kula Dodoma: Mwongozo Kamili kwa Aliyehamia Kutoka Mbali

Mwongozo huu nimewaandikia wanaohamia Dodoma kutoka nje: Wakenya wenzangu wanaokuja kikazi, ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Comoro, na hata Watanzania wa Tanga, Unguja na Dar es Salaam ambao Dodoma kwao ni ugenini vilevile. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimelelewa kwa wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na sasa jiko langu liko hapa Dodoma. Nawaona wageni wengi wakifika na kuanza kusaka vyakula vya kwao. Wanavipata kwa bei ghali, vimechoka kwa safari, kisha wanatangaza kwamba mji huu hauna chakula.

Chakula kipo, tena kizuri. Ila ni chakula cha nchi kavu. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haifiki mbali zaidi ya milimita 600 hivi. Watu wa hapa wamejenga mapishi yao juu ya hali hiyo: nafaka inayovumilia jua, mboga iliyokaushwa, maziwa ya mgando, karanga, na matunda ya porini yenye uchachu. Ukijifunza mapishi hayo utakula vizuri na kwa gharama nafuu. Ukishindana nayo, mfuko wako ndio utakaoumia.

Nimeyapanga mambo kwa utaratibu ambao ningemshauri ndugu yangu aufuate, na la kwanza wengi hawalifikirii kabisa.

Yajue maji yako kabla ya kuwasha jiko

Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, na mitaa mingi ina visima vyake pia. Maji ya visima vingi vya huku ni magumu, na baadhi yana chumvichumvi kabisa. Utayatambua haraka: sabuni haitoi povu, chai inafanya utando juu, na birika linaota magamba meupe ndani. Magamba hayo yatoe kwa kuchemsha maji yenye ndimu au siki, uyaache yapoe humo humo, kisha usugue.

Kwenye chakula, ugumu wa maji utauona zaidi kwa maharage. Madini yaliyomo hukaza ganda la punje, na mwinuko nao unachangia. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Maharage yanayoiva kwa saa moja na nusu Mombasa huku yanaweza kukulia mkaa mchana kutwa. Fanya hivi.

Chambua na uoshe maharage, uyaloweke usiku kucha kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kila lita mbili. Chumvi hiyo hulainisha ganda. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, kisha chemsha kwa maji laini: ya mvua kama uliyakinga, au ya kunywa ya dumu kubwa. Nyanya, ukwaju na ndimu visiingie sufuriani mpaka maharage yameiva kabisa, kwa sababu uchachu nao huyakaza. Kama huna maji laini, magadi kidogo sana yatasaidia, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Yakizidi huua ladha na kupunguza vitamini. Na kama bajeti inaruhusu, kitu cha kwanza kununua ukifika ni sufuria la presha. Kwa mji wenye mwinuko na maji kama haya, hakuna chombo kitakachokuokolea nishati nyingi zaidi.

Mvua zikianza, weka ndoo chini ya bomba la paa. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uanze kukinga. Yachemshe kabla ya kunywa. Tangi dogo la maji ya mvua ni hazina kwa mpishi wa Dodoma.

Jiko, vyombo, na hewa inayokausha kila kitu

Gesi inapatikana kila mtaa, mitungi ya kilo 6 na ya kilo 15. Mkaa upo pia, lakini kwa mkoa ambao miti yake inaisha hivi, ningekuomba uutumie kwa kuchoma nyama tu.

Ongeza vyombo vinne ambavyo huenda hukuvihitaji kwenu: ungo wa kupepetea, kinu kidogo na mchi wake, upekecho wa mti wa kukorogea mlenda (mboga ya majani yanayoteleza), na chungu cha udongo. Vyote vinapatikana sokoni, na ungo mzuri ni ule uliosukwa kwa karibu hata unga haupenyi.

Hewa ya hapa ni kavu, hasa kuanzia Juni hadi Novemba, na upepo wake unabeba vumbi. Unga wa chapati uliouacha wazi kwa robo saa utafanya ngozi juu, na chapati zitapasuka. Funika madonge kwa kitambaa kibichi, na utie maji zaidi kidogo kuliko ulivyozoea. Wali nao unataka maji zaidi kidogo na moto mdogo kwa muda mrefu. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli, kwa hiyo unga wa mandazi unaoumuka kwa saa moja pwani unaweza kuhitaji mawili au matatu. Usiongeze hamira, ongeza muda.

Sokoni

Kwa mahitaji ya kila siku, Soko la Majengo ndilo moyo wa mji: mboga, viungo, dagaa, nafaka, na kina mama wenye vikapu vya majani makavu. Sabasaba pia kuna kila kitu na pana pilikapilika za daladala. Soko Kuu la Job Ndugai, kule Nzuguni, ni kubwa na la kisasa, zuri kwa anayenunua kwa wingi. Ukitaka gunia la mahindi na una usafiri, Kibaigwa wilayani Kongwa, kwenye barabara ya Morogoro, ndilo soko la nafaka linalojulikana kanda nzima.

Vipimo vijue mapema. Vitu vya punje vinauzwa kwa kilo, kwa sado (kopo kubwa la plastiki lililokuwa la rangi), na kwa debe. Debe la mahindi ni kilo 18 hadi 20, kutegemea ukavu wa punje. Nyanya, vitunguu na majani huuzwa kwa fungu. Sado hutofautiana kwa kujazwa: lenye kilima juu na lililopigwa kwa mkono likawa sawa na ukingo si kipimo kimoja, kwa hiyo kubalianeni kabla hajamimina.

Salamu kwanza, bei baadaye. Mama mtu mzima mpe shikamoo yake. Ukiweza kuongeza "Mbukwenyi" ya Kigogo, lugha ya Wagogo wenyeji wa hapa, utamwona anainua uso. Kisha uliza maswali ya mtu anayejua: Hii ni ya msimu huu au wa mwaka jana? Imelimwa wapi? Ilikaushwa juani au kivulini? Muuzaji mmoja wa Majengo ninayenunua kwake mara nyingi humjibu kila mgeni hivyo hivyo: "Tafuna kwanza, mwanangu, ndipo uniulize bei." Tafuna kweli. Punje kavu inavunjika kwa mlio, punje yenye unyevu inabonyea.

Kwa nafaka ya kuweka nyumbani, kipo kipimo kizuri zaidi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi robo, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, nafaka bado ni mbichi. Usiihifadhi kabla ya kuianika tena.

Unga: uwele, mtama, mahindi

Sembe (unga wa mahindi yaliyokobolewa) na dona (wa yasiyokobolewa) utavikuta kila duka, sina la kuongeza hapo. Mgeni anachokikosa ni uwele na mtama. Hizi ndizo nafaka za nchi hii. Mahindi yanapoungua shambani Februari mvua ikikatika, uwele unabaki umesimama.

Nunua uwele wenye punje za kijivu zinazong'aa kidogo. Nyumbani, upepete kwa ungo kutoa makapi, kisha uoshe: tia kwenye karai la maji, koroga kwa mkono, mimina punje taratibu kwenye chombo kingine ili mchanga na mawe madogo yabaki chini. Rudia mpaka hakuna mchanga chini. Anika siku moja kwenye turubai safi, upeleke mashineni.

Hapa sikiliza vizuri: saga kiasi cha wiki moja tu. Uwele una mafuta mengi kuliko mahindi, na ukishasagwa mafuta hayo huchacha upesi, unga ukapata uchungu na harufu ya kale. Punje hukaa miezi, unga haukai. Wageni wengi wanaosema hawapendi ugali wa uwele walilishwa unga uliolala dukani.

Kwa watu wanne, chemsha lita moja ya maji. Koroga konzi ya dona kwenye maji ya baridi, mimina sufuriani, acha uji utokote dakika tano. Dona hii hushikamanisha ugali, maana uwele peke yake hauvutani sana. Kisha tia unga wa uwele kidogo kidogo, jumla kama gramu 600 pamoja na ile dona, huku ukisonga kwa nguvu ukibonyeza ukutani mwa sufuria. Ukiwa mzito, punguza moto, funika dakika tano, geuza, songa tena. Ugali ulioiva haushiki mwikoni na unatoa harufu ya nafaka iliyokaangwa. Rangi yake ni ya kijivu iliyokolea, na ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Uji wa uwele ni mwepesi zaidi kuupenda. Upike kama uji wowote, uipue, ndipo utie maji ya ukwaju au unga wa ubuyu. Mwezi wa Ramadhani, mimi hufuturu kwa uji huu, na tangu niuzoee sijautamani ule wa unga wa ngano.

Mlenda

Kama utajifunza chakula kimoja tu cha Wagogo, kiwe hiki. Mlenda ni majani ya porini na ya shambani yanayoteleza, ya aina nyingi. Wakati wa mvua hupikwa mabichi, mara nyingi pamoja na majani ya maboga au bamia, na miezi mingine yote hupikwa makavu. Sokoni utaukuta wa majani makavu mazima, na uliotwangwa ukawa unga wa kijani kibichi. Chagua wenye rangi ya kijani. Ukiwa wa kahawia na hauna harufu, umepigwa jua kali au umekaa sana.

Adui wa mlenda ni mchanga. Majani huoshwa mara tatu nne, hiyo ni rahisi. Uliotwangwa hauoshwi, kwa hiyo uloweke kwenye bakuli la maji dakika kumi, uache mchanga uzame, kisha chota kwa juu taratibu na uache kijiko cha mwisho chini. Wapishi wavivu huruka hatua hii, na kuiruka ndiko kunakoharibu chakula chote.

Kwa watu wanne utahitaji konzi kubwa ya mlenda mkavu, nyanya mbili zilizoiva, kitunguu kimoja, nusu kikombe cha karanga zilizotwangwa, chumvi, na kipande cha magadi kisichozidi punje ya hindi.

1. Yeyusha magadi kwenye maji vijiko vitatu, acha takataka zitulie chini, utatumia maji ya juu peke yake.
2. Chemsha vikombe vitatu vya maji pamoja na nyanya na kitunguu vilivyokatwa vidogo, mpaka nyanya zimepondeka.
3. Tia maji ya magadi. Yatafura, kwa hiyo sufuria iwe kubwa na isifunikwe kuanzia hapa.
4. Tia mlenda. Shika upekecho katikati ya viganja viwili, uusokote mbele na nyuma, mpaka uone utelezi unavutika ukiinua kijiti.
5. Koroga karanga kwa maji kidogo, mimina, punguza moto. Acha dakika kumi hadi kumi na tano huku ukikoroga ili karanga zisishike chini.
6. Chumvi mwishoni. Onja kwanza, maana magadi yana chumvi yake, na maji ya bomba huenda yana ya kwake pia.

Mafuta hayahitajiki, karanga zinatosha.

Kuula nako kunafundishwa. Ugali uwe mgumu kuliko ulivyozoea. Finyanga tonge, libonyeze kwa dole gumba lipate kishimo, chota, kisha zungusha kifundo cha mkono mara moja kabla ya kuinua. Mzunguko huo ndio unaokata uzi wa mlenda, vinginevyo utaburuzika kutoka sahanini mpaka kidevuni. Mama mwenye nyumba wangu aliponifundisha aliushika mkono wangu wa kulia akauzungusha yeye mwenyewe. "Usiogope, mwanangu, kata," aliniambia. Kwa mtu wa pwani aliyezoea bamia, ladha haitakuwa ngeni sana. Kwa mtu wa bara asiyezoea utelezi, anza kwa kupunguza magadi na kuongeza karanga, na upe ulimi nafasi ya kuzoea.

Karanga mahali pa nazi

Nazi zinapanda kutoka pwani, kwa hiyo zina bei, na baadhi hufika zimekauka. Tikisa, sikiliza maji, acha isiyo na sauti. Lakini kwa mapishi ya kila siku, tui la hapa ni la karanga.

Karanga za Dodoma zina historia nzito. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta, ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Mvua ilikuwa haba na udongo ulikuwa unakauka na kuwa mgumu mno. Wakulima wadogo wa wilaya hiyo hiyo wanaendelea kulima karanga hadi leo kwa jembe la mkono, na ndizo unazozikuta Majengo.

Kabla ya mapishi, usalama. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya hupata kuvu inayotoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi, wala kukaanga. Kwa hiyo mwaga karanga zako kwenye ungo, mahali penye mwanga, na utoe kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu au yenye ukungu. Zilizotolewa usimpe kuku wala mbwa. Karanga za kusagwa tayari mimi sinunui kabisa, kwa sababu huwezi kujua zilichambuliwa au la.

Kwa tui, kaanga kikombe kimoja cha karanga kavu bila mafuta, moto mdogo, mpaka maganda yanapukutika. Zisiungue, zikawa nyekundu ladha inabadilika. Pepeta maganda, twanga mpaka ziwe laini, changanya na vikombe vitatu vya maji ya uvuguvugu. Kwa mchuzi mzito tumia zote, kwa tui jepesi chuja. Litie kwenye kuku au maharage yaliyokaribia kuiva, kisha moto mdogo dakika ishirini bila kuacha mwiko, mpaka uone mafuta yanaelea juu. Hapo ndipo karanga zimeiva. Ukiipua mapema utaonja ubichi kooni. Wali ndio siupiki kwa tui hili, hushika chini na kuwa mzito. Wali wa nazi ninausubiri siku ya sikukuu.

Mafuta ya kupikia yawe ya alizeti, maana Dodoma na Singida ndiko yanakotoka. Yaliyokamuliwa kienyeji yana rangi ya dhahabu na harufu yake. Nusa kabla ya kununua: yanukie mbegu, yasinukie rangi ya kupaka ukuta. Yaweke gizani. Dumu lililosimama juani barabarani, liache hapo hapo.

Nyama, maziwa, samaki

Huku ni nchi ya wafugaji, na nyama ni nzuri. Nunua asubuhi, kwenye bucha ambayo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi. Ng'ombe wa kienyeji ametembea sana, kwa hiyo nyama yake ina ladha na ina ugumu. Mpake papai bichi lililokunwa kwa nusu saa, au mchemshe taratibu. Jumamosi nenda mnada wa Msalato. Unachagua nyama ya mbuzi mwenyewe, inachomwa mbele yako, unakula kwa chumvi, pilipili na ndizi za kuchoma. Waislamu wasiwe na wasiwasi kwenye bucha za kawaida, nyama ya nguruwe inauzwa mahali pake na inajulikana kwa jina la kitimoto. Ukiwa na shaka, uliza, hakuna atakayeona vibaya.

Maziwa mabichi ya mtaani chemsha daima, hata muuzaji akikuapia. Kwa mgando wa nyumbani, chemsha, yapoe mpaka kidole kinavumilia joto, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana kwa kila lita, funika, yaache usiku kucha. Miezi ya baridi zungushia sufuria blanketi. Mgando na ugali wa uwele ni mlo kamili, na siku ya joto la Novemba sijui kingine kinachofaa zaidi.

Samaki: msahau changu. Bwawa la Mtera, mpakani na Iringa, linatoa perege na kambale, na Hombolo pia kuna samaki. Tazama macho yawe angavu na mashavu mekundu. Dagaa wa Kigoma na wa Ziwa Victoria wapo mwaka mzima. Wakaange kwanza wakauke, kisha uwatie kwenye tui la karanga.

Ubuyu, ukwaju, zabibu

Mibuyu utaiona kila upande ukitoka mjini. Ubuyu wa huku unauzwa mweupe, bila sukari wala rangi ile ya Unguja. Loweka kwenye maji ya kawaida, koroga, chuja. Usiuchemshe, vitamini C yake hupotea kwa moto. Ukwaju loweka kwa maji ya moto, kamua, chuja, weka kwenye chupa. Vyote viwili vinachukua nafasi ya ndimu wakati ndimu zimepanda bei.

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, kutoka mashamba ya Mpunguzi, Hombolo, Chinangali na kwingineko. Nyingi huenda kwenye mvinyo, lakini msimu ukifika zinajaa barabarani kwenye ndoo na vikapu. Zioshe kwa uangalifu, zina vumbi na huenda zilinyunyiziwa dawa. Nunua za kutosha utengeneze zabibu kavu za pilau: zichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache ngozi zilegee, zipangusie maji, zitandaze kwenye chekeche chini ya chandarua, geuza kila siku. Kwa hewa ya Agosti huchukua wiki moja hadi mbili. Ndani huwa na mbegu, kwa hiyo waonye watoto.

Kausha mboga zako mwenyewe

Hii ndiyo kazi ya Machi na Aprili, wakati majani ya kunde, mlenda na maboga yamejaa na fungu ni rahisi. Mgeni akiifanya mwaka wake wa kwanza, Oktoba hatalia.

Chuma au nunua majani machanga asubuhi. Osha, toa vikonyo vigumu. Ya kunde yatie kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili, uyatoe na kuyachuja. Rangi hubaki na majani huiva upesi baadaye. Ya mlenda yakauke yalivyo, usiyachemshe, utelezi wake utapotea. Tandaza tabaka jembamba juu ya ungo au wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja ni la haraka lakini linaunguza rangi na vitamini. Funika kwa chandarua, ingiza ndani jioni kabla ya umande, na mvua ikinyesha ghafla usiyaache yaloe hata mara moja.

Yamekauka pale yanapovunjika kwa mlio ukiyafinya. Yakipinda tu, bado. Yaweke kwenye mfuko wa karatasi ndani ya ndoo yenye mfuniko, andika jina na mwezi, na fungua kila baada ya wiki mbili kunusa. Yakianza kunuka unyevu, yarudishe kwenye ungo siku hiyo hiyo. Konzi moja ya majani makavu inatosha chungu cha watu wanne, kwa hiyo familia ya watu hao inayokula mboga hii mara mbili kwa wiki ikaushe ndoo mbili za lita 20 zilizoshindiliwa kidogo, itafika Desemba.